Usiku Ulikuwa wa Vijana

Katika bonde la Mto Rufiji, kabla ya mafuriko makubwa ya 1968, mpunga ulilindwa mchana na watoto na usiku na vijana. Mchana adui alikuwa ndege, na mtoto wa miaka minane mwenye teo na madonge ya udongo alitosha. Usiku walikuja nguruwe pori na viboko, na hapo walihitajika wenye mbio, sauti na macho makavu. Familia zilihamia mashambani msimu mzima zikaishi kwenye madungu, vibanda vilivyosimama juu ya nguzo ndefu ili maji ya mto yakipanda yapite chini ya sakafu. Nilizaliwa huko mwaka 1953, na nilibalehe juu ya dungu, debe tupu likiwa mkononi.

Hakuna aliyekaa kutupangia zamu. Bibi alilala mara baada ya isha. Baba na mama walifuata. Sisi wa miaka kumi na minne, kumi na sita, tulibaki tukiota moto, tukipiga madebe, tukiitana kutoka dungu moja hadi jingine na kutegeana vitendawili mpaka usiku wa manane ukapita. Tulipoanza kulegea, wazee walikuwa wanaamka. Bibi alikuwa macho kabla ya jogoo wa kwanza, akichochea moto tuliouacha. Jua likishapanda mama alitaka kutuamsha twende kuchota maji, na Bibi akamzuia: "Waache walale. Unadhani mpunga huu umelindwa na nani?"

Naanza na madungu kwa sababu nimesikia mara nyingi, kwenye vikao vya walimu na vya wazazi, kwamba kijana anayeshindwa kulala saa tatu usiku ameharibiwa na simu, na kwamba zamani vijana walilala na kuku na kuamka na jogoo. Nimefundisha historia katika shule za sekondari za bweni kwa zaidi ya miaka thelathini, na karibu muda wote huo nilikuwa pia mlezi wa bweni. Zamani hiyo inayosemwa vikaoni siijui. Sikuikuta Rufiji, na sijaikuta katika historia ya nchi hii niliyoisoma na kuifundisha.

Nilichokikuta ni jamii zilizowaachia vijana usiku na kuwapa kazi ndani yake. Mwezi wa Ramadhani, baada ya tarawehe, wazee walirudi kulala na vijana wakabaki barazani. Ilipokaribia saa tisa usiku wao ndio waliozunguka mitaani na ngoma na madebe kuwaamsha watu kula daku. Hakuna mji wa pwani niliofika, kuanzia Kilwa hadi Tanga, ambako kazi hiyo ilikuwa ya wazee. Umasaini, ulinzi wa mifugo dhidi ya simba na wezi ulikuwa wa morani. Ngoma za arusi zilikesha, na waliozikesha hawakuwa akina Bibi.

Msomaji Mwislamu ataniuliza: na swala ya alfajiri je? Tuliswali. Bibi alituamsha, tukashuka ngazi ya dungu, tukatawadha kwa maji ya mto, tukaswali, na wengi wetu tukarudi mkekani. Kisha baada ya adhuhuri kulikuwa na kailula, usingizi mfupi wa mchana ambao watu wa pwani waliushika kama sunna, na ambao jua la saa saba liliwalazimisha hata wasiojua kuwa ni sunna. Kuamka kwa ajili ya swala hakukumdhulumu kijana usingizi wake, maana siku ilikuwa na mahali pengine pa kuulipa. Siku ya shule ya bweni haina mahali hapo. Naomba tofauti hiyo ikumbukwe, kwa sababu hoja ya swala hutolewa mara kwa mara kutetea kengele ambazo hazina uhusiano wowote na swala.

Mwaka 2017 David Samson, Alyssa Crittenden, Charles Nunn na wenzao walichapisha utafiti walioufanya kwa Wahadzabe, wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali karibu na Ziwa Eyasi. Watu wazima 33 walivaa mkononi vifaa vidogo vinavyorekodi mwendo wa mwili, kwa siku 20. Katika zaidi ya saa 220 za uchunguzi, dakika ambazo wote walikuwa wamelala fofofo kwa wakati mmoja zilikuwa 18 tu. Kwa wastani, wakati wowote wa usiku, zaidi ya theluthi moja ya watu walikuwa macho au wamesinzia usingizi mwepesi sana. Wenye umri mkubwa walilala mapema na kuamka mapema, wenye umri mdogo walichelewa kulala na kuchelewa kuamka, na hivyo kambi ikawa na walinzi usiku kucha bila mtu kuteuliwa kulinda. Waliopimwa hawakuwa wanafunzi, na mdogo wao alikuwa ameshapita umri wa sekondari. Lakini mpangilio ule nilikuwa nimeuona kwa macho yangu: Bibi upande mmoja wa usiku, sisi upande wa pili.

Kengele ya bweni ilikuja kutoka kwingine. Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, Wafaransa, walifungua misheni Bagamoyo, na wakazi wake wa kwanza wengi walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Siku ya watoto hao ilikatwa vipande kwa kengele: kuamka, sala, misa, shamba, karakana, darasa, kulala. Ilikuwa ratiba ya nyumba za watawa na seminari za Ulaya, iliyotungwa kwa ajili ya watu wazima walioweka nadhiri, ikavishwa watoto na vijana. Mapadre wale waliwapa watoto chakula, ufundi na maandishi, na sitaki kuwapunja sifa hiyo. Lakini watoto wa Bagamoyo hawakuwa na bibi wa kusema waache walale, na nadhani hiyo ndiyo sababu mojawapo iliyofanya ratiba ile isimame bila kupingwa. Shule ya bweni ya nchi hii ilianza na watoto wasio na wa kuwasemea.

Wajerumani wakafuata. Miaka ya mwanzo ya 1890 walifungua Tanga shule ya serikali ya kutoa makarani na wafasiri, na mwaka 1893 Richard Hindorf akaleta miche ya mkonge. Mashamba ya mkonge yaliyosambaa Tanga na kwenye njia ya reli ndiyo yaliyozoesha maelfu ya watu kuhesabiwa gizani: manamba, vibarua wa mashamba hayo, walipangwa mstari kabla jua halijachomoza, ili kazi ya kukata iende mbali kabla ya joto. Kwa shamba la mkonge kuna mantiki ndani yake. Jani la mkonge lina miba, jua la Korogwe linachoma, na anayekata ni mtu mzima. Kwa darasa la jiometria sijapata kuiona mantiki hiyo.

Waingereza walipofungua Shule ya Tabora mwaka 1925, kwa ajili ya watoto wa machifu, waliijenga kwa mfano wa shule za bweni za kwao, na viranja wake, michezo yake ya lazima na kengele yake. Julius Nyerere aliingia hapo mwaka 1937. Waliotoka Tabora na shule za misheni ndio waliokuja kuwa wakuu wa shule baada ya uhuru, na mtu huendesha shule kama alivyoendeshwa. Kisha likaja Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1963, na kambi zake za kuamka kwa filimbi na kukimbia mchakamchaka. Mwaka 1967 ikaja Elimu ya Kujitegemea, na kwa shule nyingi ikawa bustani za kumwagiliwa, ng'ombe wa kukamuliwa na mashamba ya kupaliliwa kabla ya kipindi cha kwanza.

Miaka hiyo nilikuwa mwanafunzi, na niliipenda. Niliondoka Rufiji wakati Serikali inawahamisha watu kutoka bondeni kwenda vijiji vya ujamaa kwenye maeneo yaliyoinuka, nikapelekwa shule ya bweni huko bara. Kengele yetu ilikuwa rimu la gari lililoning'inizwa kwenye mwembe, likigongwa kwa chuma. Tulikimbia gizani tukiimba, miguu mia kadhaa ikitua kwa pamoja, na hakuna kitu kilichonifanya nijione Mtanzania kama nyimbo zile, mimi niliyekuwa sijawahi kusikia lafudhi ya Mwanza wala ya Mbeya. Mchakamchaka una heshima yake. Hauna lazima ya kufanyika saa kumi na moja alfajiri.

Tabaka la mwisho liliongezwa na mitihani. Nafasi za kidato cha tano na za chuo zilikuwa chache, shule zikalinganishwa kwa matokeo, na shule iliyotaka kupanda ikatafuta muda wa ziada mahali pekee palipobaki, yaani kitandani. Ikazuka prepu ya alfajiri, muda wa kujisomea kabla jua halijachomoza. Baraza la Mitihani liliacha mwaka 2023 kutangaza shule kumi bora, lakini prepu ya alfajiri iliendelea pale ilipokuwa. Ukiitazama ratiba ya bweni leo utaona vyote vimekaa humo: sala ya watawa, mstari wa manamba, kiranja wa Kiingereza, filimbi ya kambi, bustani ya kujitegemea na prepu ya mtihani. Kila zama iliongeza kipande chake, na vipande vingi vikaenda asubuhi. Sijui zama yoyote iliyopunguza.

Katika shule moja niliyokuwa mlezi wa bweni, taa zilizimwa saa nne usiku na rimu likagongwa saa kumi na nusu alfajiri. Ni saa sita na nusu kwa yule anayepata usingizi papo hapo taa zinapozimwa. Nilipita na tochi kila zamu yangu. Watoto wa kidato cha kwanza, wengi wao wa miaka kumi na mitatu, niliwakuta wamelala kabla hata ya kengele ya kulala, mmoja na kiatu mguuni, mwingine amekumbatia daftari la hesabu. Hao ilibidi kuwatoa kwenye prepu wakiyumba. Kidato cha tatu na cha nne walikuwa macho. Hawakuwa wanafanya fujo. Walilala chali gizani wakinong'ona, na saa tano na nusu ukipita bado kuna anayegeuka na kugeuka. Bweni moja, uji mmoja, kengele moja, na miaka miwili mitatu tu kati yao. Hakukuwa na simu. Miaka hiyo hata mkuu wa shule hakuwa nayo.

Asubuhi mambo yaligeuka. Kidato cha kwanza waliamka wakalalamika kidogo, wakaenda. Wale wakubwa niliwakuta wamesinzia kwa kuegemea ufagio, wamesinzia chooni, wamesinzia wima mstarini wakati bendera inapandishwa. Kipindi changu cha saa moja na nusu asubuhi, Vita vya Majimaji au ukoloni wa Wajerumani, kilikuwa cha watu wenye macho wazi na akili zilizobaki bwenini. Kipindi kilekile kikiwa saa nne, baada ya uji, kilijaa mikono juu. Wanafunzi wenyewe walikuwa na usemi wao kuhusu kupiga msuli usiku na alfajiri, kusoma bila kulala: msuli tembo, matokeo sisimizi. Walikuwa wanasema kweli.

Sababu ya tofauti ile ya kidato cha kwanza na cha nne ilikuwa imeshaanza kutafutwa kabla sijaanza kazi. Kiangazi cha 1976, katika Chuo Kikuu cha Stanford huko California, Mary Carskadon, aliyekuwa akifanya kazi na William Dement, alianzisha kambi ya usingizi. Watoto wa miaka 10, 11 na 12 walikuja kulala chuoni wakipimwa mawimbi ya ubongo, na wakarudi kiangazi baada ya kiangazi wakikua. Walipewa nafasi ya kulala kuanzia saa nne usiku hadi saa mbili asubuhi. Dhana ya wakati huo, ambayo mpaka leo wazazi wengi wanayo, ilikuwa kwamba mtoto akikua anahitaji usingizi kidogo zaidi. Haikuwa hivyo. Waliendelea kulala zaidi kidogo ya saa tisa, wakubwa sawa na wadogo. Kilichobadilika ni kwamba walipokuwa wadogo waliamka wenyewe kabla ya muda, na walipobalehe ilibidi waamshwe. Na mchana, wale waliobalehe walikuwa na usingizi zaidi ingawa walikuwa wamelala saa zilezile.

Mwaka 1993 Carskadon na wenzake walichapisha ushahidi kwamba kupenda kuchelewa kulala kunaenda sambamba na hatua za kubalehe. Watoto wa darasa moja walitofautiana kwa kadiri miili yao ilivyokuwa imekomaa. Baadaye akapima mate ya vijana kwenye mwanga hafifu, akitafuta melatonini, homoni ambayo mwili huitoa giza likiingia na ambayo Aaron Lerner wa Chuo Kikuu cha Yale aliitenga mwaka 1958. Kwa waliobalehe homoni hiyo huanza kupanda kwa kuchelewa, na asubuhi huchelewa kushuka. Kuchelewa huko kunaweza kufika muda wa saa moja hadi mbili. Jambo la pili likaongezeka juu yake: kwa mtoto mdogo, kila saa anayokaa macho inamwongezea uzito wa usingizi haraka, ndiyo maana yule wa kidato cha kwanza alianguka na kiatu chake. Kwa aliyebalehe uzito huo hujengeka polepole, kwa hiyo anaweza kukaa macho hadi usiku mkubwa asihisi kitu, ingawa deni la usingizi analo. Mwaka 2004 Till Roenneberg na wenzake, wakitumia majibu ya maelfu ya watu wa Ujerumani na Uswisi, walionyesha kwamba kuchelewa huku huongezeka mpaka karibu na miaka 20, kisha mtu huanza kurudi mapema, wasichana wakitangulia wavulana. Kubadilika kwa saa za usingizi wakati wa kubalehe kumeonekana hata kwa wanyama wasiotazama televisheni wala kufanya mtihani, wakiwemo panya wa maabara.

Simu inaongeza tatizo, na hilo silikatai. Mwanga mkali usiku husogeza mbele zaidi saa ya mwili, na mazungumzo ya simuni hayana mwisho. Mzazi anayeichukua simu usiku anafanya jambo jema. Lakini kambi ya Stanford ilikuwa 1976, utafiti wa kubalehe ulichapishwa 1993, na sisi wa madungu tulikuwa na koroboi moja na moto wa kuni. Anayedhani akiiondoa simu atapata kijana anayelala saa mbili na nusu usiku atasubiri sana, na hasira yake itamwangukia mtoto asiye na kosa.

Wapo waliochukua hatua. Mwaka 1996 mji wa Edina, jimbo la Minnesota, ulihamisha masomo ya sekondari kutoka saa 1:20 asubuhi hadi saa 2:30, na Minneapolis ikafuata mwaka uliofuata. Kyla Wahlstrom wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliyafuatilia mabadiliko hayo kwa miaka, na hofu kubwa iliyokuwapo, kwamba vijana wangechelewa tu kulala kwa kiasi kilekile, haikutimia: walilala muda mrefu zaidi. Mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri shule za vijana zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi, na California ikaifanya sheria kwa sekondari za juu kuanzia Julai 2022. Jirani zetu wa Kenya waliandika mwaka 2015, katika kanuni za elimu ya msingi, kwamba masomo yaanze saa 2:00 asubuhi na kwamba muda wa kulala kwa shule za bweni ni saa 3:30 usiku hadi saa 12:00 asubuhi. Ni saa nane na nusu za kitanda. Kanuni hiyo ni nzuri, na mtu yeyote aliyepita karibu na shule za bweni za Kenya saa kumi na moja alfajiri akaona madirisha ya madarasa yakiwaka anajua ni shule ngapi zinaisoma.

Kwa shule za kutwa za Dar es Salaam jambo ni gumu zaidi, nalikubali. Mtoto anayetoka nyumbani saa kumi na moja ili agombee daladala hawezi kusaidiwa na mkuu wa shule peke yake; hapo kuna barabara, nauli, makondakta wasiotaka wanafunzi na wazazi wanaowahi kazini. Shule ya bweni haina kizuizi hata kimoja kati ya hivyo. Mwanafunzi anaishi hatua mia mbili kutoka darasani. Mpishi, mlezi, mwalimu wa zamu na rimu la kugonga vyote viko ndani ya uzio mmoja, na saa ya kuligonga inaamuliwa na watu wasiozidi meza moja ya ofisi.

Kwenu ninyi mliokaa kwenye meza hiyo, wakuu wa shule za bweni na wajumbe wa bodi: futeni prepu ya alfajiri. Gongeni kengele ya kuamka saa kumi na mbili asubuhi, pelekeni usafi na mchakamchaka jioni, na anayetaka kuswali alfajiri apewe nafasi ya kuswali na kurudi kitandani. Rudisheni saa moja ya kulala baada ya chakula cha mchana. Wekeni hesabu au historia saa nne badala ya saa moja na nusu. Hakuna fedha inayohitajika, wala kibali cha kusubiri kutoka wizarani. Jaribuni muhula mmoja, kisha linganisheni matokeo ya muhula huo na ya muhula uliotangulia.